Maneno Manne, Labda Matano

Tulikuwa na forinti elfu arubaini na tano
ndani ya bahasha ya bili ya gesi,
na Gellért alinionya tukiwa bado kwenye tramu:
usiipende ya kwanza, au ukiipenda, nuna.

Duka la Bódog liko chini ya ngazi,
pale Miskolc, nyuma ya kiwanda kilichozimwa,
lanuka vumbi lililopashwa moto.
Kamkoda tano alizilaza juu ya kaunta
kama samaki wa siku tofauti.

Ile ya rangi ya fedha huvuta mbali mara arubaini.
"Utaona unyoya wa njiwa juu ya mnara wa kanisa."
Nikamwambia, njiwa si jamaa yangu.
Ya pili yajificha kiganjani, betri dakika ishirini:
mtoto hajafikishwa kwenye maji ya ubatizo, imelala.
Ya tatu inakula tepu ambazo haziuzwi tena.
Rahisi ghali, tukacheka mimi na mume wangu.
Bódog hakucheka.

Gellért akaing'ang'ania ile ya fedha
kama mtu aliyeketishwa ndani ya gari asiloweza kulinunua.
Nikamwacha. Kila mtu na homa yake.

Mimi nilikuja na filamu moja kichwani,
dakika mbili na nusu, mwaka wa sabini na nne,
bila sauti.
Baba anakoroga jamu ya plamu
katika sufuria ya shaba, mwiko mrefu kumpita;
moshi unamfuta, unamrudisha,
kisha anageuka, anaitazama kamera,
anasema kitu.
Maneno manne, labda matano.
Mama anacheka hadi anashika uzio.
Halafu weupe.

Tumeitazama hadi imechanika pembeni.
Tulimwita hata Kázmér, fundi viatu,
kiziwi tangu utotoni, atusomee midomo.
Akasogea, akasogea tena, akaandika kwenye karatasi:
*Moshi. Labda "chumvi".*
Nani anatia chumvi kwenye jamu?
Mama naye kila mwaka ana jibu jipya:
alisema nimenenepa;
alisema mbwa kaiba soseji.
Mwaka jana alituuliza, huyu bwana ni nani?

Basi pale dukani nilifumba macho.
Ziwashe moja moja, nikamwambia Bódog,
na wewe, Gellért, kasimame mlangoni, sema chochote,
sema kama unavyosema jikoni.

Ya fedha ilijirekodi yenyewe, inavyokoroma.
Ya nne ilimtia mume wangu ndani ya kopo.
Ya tano, nyeusi, imechubuka ubavu,
kifuniko cha lenzi kimefungwa kwa uzi wa kushonea,
picha hivi hivi tu, nyekundu yake ni kahawia,
ilinipa mlango, na tramu ikikata kona,
na pumzi ya Gellért kabla ya neno,
na neno lenyewe:
"Piroska, nina njaa."

Hiyo.

Elfu hamsini na mbili, akasema Bódog.
Nikaiweka bahasha. Hatukuongeza kitu, hatukuondoka.
Alisoma bili ya gesi, mbele na nyuma,
akaguna: haya, lakini mkoba wake siwapi.
Nikaifunga ndani ya skafu yangu
na shingo yangu ikaipokea baridi yote ya Novemba.

Jumapili Mama alikuwa mezani,
anapasua kokwa za jozi kwa nyundo ndogo,
na Boróka, miaka mitatu, akiiba kila ya pili.
Nikabonyeza kitufe.
Mama akageuka. Aliitazama lenzi
kwa muda ambao hajanitazama mimi tangu Pasaka.
Akafungua mdomo.
Mkono wangu ukatetemeka; picha inaonyesha.

Hakusema kitu.

Nimeisikiliza usiku, watu wamelala:
friji. Nyundo inawekwa chini.
Mtoto anatafuna.
Kisha pumzi, ya Mama au yangu, sijui,
ile inayokuja kabla ya neno.