Dakika Nne

Novemba, Saila aliandika sentensi moja kavu:
vipengele vipya vitapokelewa hadi tarehe tisa Februari,
saa sita kamili za usiku, kwa saa za Greenwich;
baada ya hapo tunarekebisha kasoro tu, hatuongezi kitu.
Akaweka nukta. Hakuna aliyebisha.
Ukiwa Novemba, Februari ni nchi ya mbali.

Sasa ndio usiku wenyewe. Kwa saa za Oulu
mwisho ni saa nane, na nje mtambo wa kuzoa theluji
unarudi nyuma ukilia pi, pi, pi,
kana kwamba nao umechelewa mahali.

Programu yao haina mwenye mali.
Huwasomea wasioona yaliyo kwenye skrini:
barua ya benki, bei ya viazi, jina la anayepiga simu.
Wanaoiandika hawajawahi kula meza moja.

Saa saba na nusu Zviad wa Kutaisi analeta sauti ya Kijojia,
mistari mia tisa na neno moja la kuomba radhi.
Saila anaikagua, anaiunga na shina.
Saa nane kasoro dakika ishirini, Millaray wa Valdivia,
ambako jua ndio kwanza linazama:
*Mtoto ana homa. Nipe hadi asubuhi.*
Saila anaandika: Pole. Agosti.
Anafuta. Anaandika: Pole sana. Agosti.
Anatuma, na ile "sana" inamkaa kooni.

Kimebaki kiraka kimoja, chake mwenyewe.
Herufi moja tu: ŋ.
Sisi huiandika ng', tumeitamka tangu utotoni
kwa ng'ombe, kwa ng'ambo, kwa kung'ang'ania.
Programu ikikutana nayo hunyamaza,
kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.
Na shangazi yake, Gáren, aliyepoteza macho mwaka juzi,
ni mzaliwa wa Áŋŋel, kijiji cha Wasami huko kaskazini;
kila akifungua barua ya nyumbani
mashine inamtajia kwao kwa kigugumizi.

Majaribio huchukua dakika kumi na tisa.
Ameyaanzisha saa nane kasoro robo.
Hesabu anaijua. Hata hivyo anakaa, anatazama
kijani, kijani, kijani, mstari baada ya mstari,
huku friji ikinguruma, ikinyamaza,
na saa nane ikipita bila kubisha hodi.

Saa nane na dakika nne: yote kijani.
Hakuna kosa hata moja.

Funguo anazo yeye, peke yake.
Zviad amelala. Millaray yuko macho,
lakini anachotazama ni kipimajoto.
Nani atahesabu dakika nne?
Kidole kiko juu ya kitufe. Mtambo nje umezimwa.
Mkuki huu aliuchonga mwenyewe,
na humu jikoni hakuna nguruwe.

Anafunga toleo.
Kiraka chake anakipeleka kwenye foleni ya Agosti,
anakiweka chini ya cha Millaray,
anaosha kikombe ambacho hakikuwa kichafu.

Asubuhi anampigia shangazi.
"Dakika nne?"
"Nne."
"Na aliyeweka saa hiyo ni nani?"
"Mimi."
Kimya. Kijiko kinagonga bakuli huko upande wa pili.
"Basi hadi Agosti nitatoka mahali pasipotamkika.
Haya. Nimezoea kupatamka mwenyewe."
Na anapatamka, polepole, ile ng' nzito puani,
mara mbili, kama anayeonja chumvi.

Saila anataka kueleza: ukimfungulia mmoja dirisha,
wanapita kumi, na anayeumia ni kipofu asiyejua
kwa nini leo mashine yake imebubujika upuuzi.
Maneno yapo, tena ni ya kweli.
Lakini shangazi ameshauliza jingine:
"Huyo mtoto wa Valdivia, homa imeshuka?"

Saila hajui.
Aliandika "pole sana".
Hakuuliza.