Nafasi ya Vidole Viwili

Miaka kumi na tisa nilimpigia chapa
Profesa Nakiete Mshana, ghorofa ya pili, Mlimani,
chumba cha dirisha lisilofunga sawasawa.
Mashine yangu haikuwa na herufi za Kigiriki.
Kila penye hesabu zake niliacha nafasi ya vidole viwili,
naye akaja kuijaza kwa wino wa bluu.

Hakuwa na maabara.
Wenzake walifuga panya, walikuwa na friji inayonguruma;
yeye chaki, na kikapu cha karatasi kilichofurika kila alasiri.
Watu wa baiolojia walisema: huyu ni wa falsafa.
Watu wa falsafa: huyo si wa vyura?
Faili lake la kupandishwa cheo
lilipanda na kushuka kilima baina ya majengo mawili
mpaka jalada likabanduka.

Siku moja, umeme umekatika, akaniletea yai
la kuku wake wa Changanyikoni, bado lina unyoya.
"Yai limeoza, twasema. Kifaranga amekufa.
Sasa niambie, Bi Zamda: siku ya ngapi chini ya mama yake,
saa ngapi, *li-* inageuka *a-*?"
Nikasema, Profesa, mimi mpiga chapa tu.
"Ndiyo maana nakuuliza. Wewe ndiye unayezigonga."

Tangu hapo nikawa nasikia.
Mkorosho wa jirani ulikauka: *u-*, kana kwamba ni ukuta.
Siafu aliyeniuma akapewa *a-*, kama diwani.
Na ile mimba yangu ya mwaka wa mafuriko,
imeharibika, walisema pale Mwananyamala.
*I-*.
Hilo sikumwuliza.

Majarida ya ng'ambo yalirudisha makala: data ziko wapi?
Alicheka hata akavua miwani.
"Waandikie zimo vinywani mwa watu, sokoni Mwenge."
Sikuandika hivyo. Niliandika *tunashukuru kwa maoni yenu*.
Sentensi moja niliipiga mara kumi na moja:
*Uhai si kitu, ni kazi inayomuumba anayeifanya.*
Kila rasimu alihamisha mkato,
kisha akaurudisha.

Uprofesa kamili ulimfikia mwaka mmoja kabla ya kustaafu,
pamoja na saa ya ukutani isiyo na betri.

Jumanne mkuu wa idara akaja na tangazo la kubandika,
mwandiko wake wa haraka, jasho kwenye kola.
Nikaitoa mashine ya zamani chini ya meza.
Ana kompyuta, hakuuliza kwa nini.
*Mwili wa Profesa Nakiete Mshana*, nikagonga,
kidole kikasimama juu ya *u*.
Nikaacha nafasi ya vidole viwili.
*taagwa Alhamisi, saa nne asubuhi.*

Akasoma. Akasema, kuna herufi umeiruka.
Nikamwambia najua.