Mawe ya Kona Baridi

Siku sita kwa wiki baiskeli hii hubeba mikate,
kreti mbili nyuma, moja mbele ya usukani,
Kangemi, Uthiru, tena Kangemi,
kabla jogoo wa Mama Kageha hajapata la kusema.
Jumapili ile nilifungua kreti mbili nikaziacha uani.
Katika ya tatu: chupa nne za maji, chapati tatu,
pampu, gundi, kiraka cha tyubu kuukuu.
Mmbone akauliza kitandani, Unaenda wapi?
Nikasema, Chini.
Chini ni wapi, wewe?
Akageukia ukuta.

Saa kumi alfajiri. Dagoretti ilinuka damu na moshi,
Ngong ilinuka ukungu.
Kiserian nikanywa chai ya kusimama,
jua likiwa bado linafunga viatu.

Kisha Kona Baridi, pale nchi inapokatika.
Ardhi imeshuka ngazi kwa ngazi
kama mtu aliyechoka kukaa juu,
na huko mbali rangi ya majivu, halafu
kitu kisicho na rangi kabisa,
joto lenyewe, limelala chali.

Nikaachia breki
na baiskeli ikaanza kutetemeka.
Usukani ukacheza, gurudumu la nyuma likaruka,
chuma kizima kikalia kama sufuria iliyoanguka.
Miaka tisa haijaenda popote bila mzigo,
haikujua itembeeje nyepesi.
Nikashuka. Nikaokota mawe mawili,
kila moja uzito wa mfuko mkubwa wa unga,
nikayalaza kwenye kreti, nikayafunga kwa mpira.
Ikatulia.
Tukateremka kama watu wazima.

Oltepesi, saa nne, upepo tayari ni wa jikoni.
Lami ilinasa tairi, ikaliachia, ikalinasa.
Nikaiacha, nikafuata mto usio na maji
hadi kuta za korongo zikanimeza:
nyeusi chini, nyekundu katikati, nyeupe juu,
mkate uliosahauliwa ovenini tangu babu wa babu.
Joto nalijua. Saa tisa usiku husimama mlangoni pa bekari
nikipokea trei kwa viganja.
Lakini joto la bekari lina mlango.

Mwiba wa mgunga ukaingia gurudumu la mbele.
Nilikuwa nimepiga magoti kwenye mchanga
kivuli kilipoangukia mikono yangu.
Kijana, mbuzi thelathini nyuma yake. Parsaloi, alisema.
Akaitazama kreti.
Umetuletea nini kutoka Nairobi?
Mawe.
Akainama kuyaona, akainua macho
kwenye kuta, kwenye mto, kwenye kila upande,
mawe juu ya mawe hadi mbinguni,
akacheka mpaka akakaa chini.
Mbuzi nao wakasimama kumsikiliza.
Tukagawana chapati. Akanionyesha ufa
wenye kivuli cha kutosha mtu mmoja na nusu,
tukakaa humo, nusu akiwa mimi,
mpaka saa tisa ilipolegeza kamba.

Kupanda sitasimulia sana.
Niliendesha, nikasukuma, nikaegemea, nikasukuma.
Ndama za miguu zilijikunja kama nguo inayokamuliwa.
Lori likapita, turnboi akanipigia mluzi wa pole.
Chupa ya mwisho ilikuwa na maji ya moto kama supu
nikayanywa kama supu, kwa adabu.
Giza lilinikuta kabla ya Kona Baridi,
na baridi yake, Mungu wangu, ilikuwa tamu.

Saa tano usiku Mmbone alifungua mlango, akashika taa juu ya kreti.
Umeleta nini?
Nikachungulia.
Hata mara moja, kwenye mlima wote ule,
sikuwa nimekumbuka kuyashusha.
Nilishindwa kujibu. Yeye ndiye aliyecheka
na jirani akagonga ukuta.

Moja sasa linazuia mlango upepo usiubamize.
La pili mtoto amelichora macho.

Jumatatu, saa tisa usiku, nikapanga mikate,
kreti mbili nyuma, moja mbele.
Baiskeli ilinyooka njia nzima hadi Uthiru.
Miguu ndiyo iliyotetemeka.