Kifungo cha Nne

Pandu, niachie flashi yako hapo juu ya cherehani
na usinambie kitu.
Naona mdomo unakuwasha. Funga.
Weye umeshaitazama sehemu ya saba tangu alfajiri,
mie nina sare kumi na mbili za skuli
na suruali ya Machano iliyoniganda wiki ya pili.

Usiku, Raya akishalaza mtoto,
tunakaa mkekani, ghorofa ya nne, Michenzani,
feni inazunguka kama imelazimishwa.
Ndipo unapofunguka mji wa Kadora:
mvua ya wino, taa za manjano,
nyumba zimechorwa zikaachwa na kingo zake nyeusi
kama mtu aliyekata kitambaa
akasahau kufuta chaki.

Nawapenda! Wallahi nawapenda wote,
majambazi kwa mahakimu.
Nampenda Inspekta Dorante na goti lake bovu,
nampenda Bibi Wino anayeiba mafaili ya matajiri
akaacha alama ya kidole kimoja, cha mwisho.
Raya hunisomea maandishi ya chini,
akichoka ananifupishia: "Anasema atamuua."
Maneno yote yale, Raya?
Dakika nzima mtu anasema atamuua?

Lakini mie macho yangu hayako kwenye bastola.
Miaka thelathini na moja nimeinamia mishono ya watu.
Natazama makoti.

Basi sikiliza. Sehemu ya pili,
usiku aliouawa mweka hazina,
muuaji haonekani uso,
ana koti refu la rangi ya ubuyu.
Vifungo sita. Nimevihesabu.
Sehemu ya tano, Hakimu Salvane, yule mpole,
yule mlisha njiwa,
anavua koti lake jeusi karamuni,
na bitana, Pandu, bitana ni rangi ya ubuyu!
Koti la kugeuza. Ndani nje, nje ndani.
Na kifungo cha nne kina uzi mwingine,
tena umepita iksi,
ilhali wenzake wote wameshonwa mistari miwili.
Fundi hafanyi hivyo.
Hivyo hufanya mtu mwenye haraka, peke yake, usiku,
aliyedondosha kitu mahali asipotaka kijulikane.

Nikashuka kuwaambia. Barazani, penye kahawa,
Vuai alicheka hata akamwaga kikombe.
"Shangazi, muuaji Dorante, kila mtu anajua."
Nikamwambia, kifungo hicho ndicho kitakachompa kifungo,
akacheka tena.
Ussi ana kitabu cha picha chenyewe,
kaletewa na mjomba wake kutoka Maskati,
kurasa anazifunua kwa ncha za vidole
kama mkate wa ajemi uliotoka motoni.
"Kitabuni hakimu anakufa mapema," ananambia.
Kitabuni! Kitabuni nani alishona?
Mchoraji hupiga nukta, ikawa kifungo.
Huku kuna mwanamke, sijui wapi, sijui jina lake,
aliyekaa na sindano chini ya taa
akaambiwa: hiki kishone vibaya, makusudi.
Akakishona vibaya vizuri mno.
Nami nikamuona.
Duniani kote labda tumeonana sisi wawili tu.

Usiku huu sili mapema, silali.
Nimemwambia Raya simu azime,
jirani akibisha hodi kutaka chumvi, hatupo.
Kama si Salvane, nitamnunulia Vuai kahawa mwezi mzima
na cherehani nitaifunika siku tatu,
nikae kama mfiwa.

Mbona hutoki?
Mbona waigeuza sare hiyo, unahesabu nini?
Lete hapa nione, miwani iko wapi.
Kimoja, viwili, vitatu, sawasawa...

Yarabi.
Na hii pia? Nipe ile ya chini.

Zote kumi na mbili, Pandu.
Cha nne nimekipiga iksi.