Sekunde Arobaini

Kifurushi kimefika Jumatano, pembeni kimelowa theluji.
Ndani mna kasha, na juu ya kasha nipo mimi:
msichana wa miaka kumi na mmoja, pengo la jino,
macho yamejaa ukijani wa kioo,
mkono umekamata kishikio cha mchezo
ambao haukuwapo.

Niliseme hili kabla mjukuu hajarudi kutoka shule:
haukuwapo.
Walioitazama ile filamu zamani, hapa hapa Tampere,
walitoka ukumbini wakiutafuta.
Waliuliza madukani, waliandika barua Helsinki,
na mmoja aliapa binamu yake anao,
ameucheza mpaka mwisho.
Njia ya mwongo ni fupi, husema watu;
ya huyu ilifika Stockholm.

Kwenye filamu unaonekana sekunde arobaini tu.
Mbweha mwekundu anavuka ziwa lililoganda,
taa mdomoni, barafu ikipasuka nyuma yake.
Mbele kuna mlango. Anaunyooshea mguu,
umeme unakatika,
na hadithi inarudi kwenye mambo ya watu wazima.

Mbweha walimchora kwa mkono, karatasi juu ya karatasi,
wakambandika baadaye, mimi nimeshalipwa
na nimeshanunua viatu vya kutelezea barafuni.
Siku ya kurekodi, kabati la mchezo lilikuwa tupu.
Kioo, na nyuma ya kioo Urho,
fundi umeme, amejikunja humo magoti masikioni,
ameshika balbu aliyoivika karatasi ya kijani,
anaitikisa ili nuru icheze usoni mwangu.

"Furahi!" alipaza sauti mwongozaji. "Ogopa! Haya, unashinda!"
Nashinda nini, sikujua.
Nilimtazama Urho. Urho akakunja pua,
akayatoa meno yake ya bandia, akayarudisha,
nami nikaangua kicheko ambacho watu
mpaka leo wanakiita kicheko cha bingwa.

Mwaka juzi walinijia vijana watatu kutoka Oulu,
viatu wameviacha mlangoni, soksi zimetoboka.
Wamenunua haki; wanataka mchezo uwe kweli.
Wameikagua picha moja moja,
wanajua mkia wa mbweha una nukta ngapi.
Jambo moja tu limewashinda.
Iiris, mdogo wao, aliweka kikombe chini
akauliza kwa adabu ya mtu anayeulizia kaburi:
"Wewe uliyetazama, nyuma ya mlango kulikuwa na nini?"

Ningeweza kusema hazina. Ningeweza kusema kiangazi.
Nilisema: kulikuwa na mtu amechoka,
ameshika taa,
anajitahidi asikohoe.

Waliandika. Kama walinielewa au walinihurumia, sijui.
Sikuwaambia kwamba mapafu yalimmaliza majira yaliyofuata,
wala kwamba majina yanapopanda mwishoni mwa filamu
huwa naisimamisha kanda, nashuka nalo moja moja,
mpaka yule aliyeleta sandwichi.
Urho hayumo.

Eelis ameingia, buti miguuni, koti hajavua.
Tumechomeka nyaya. Nikaanza mimi, mwenye picha.
Mbweha wangu alizama pale pale ufukoni.
Nikarudia, akazama. Mara ya tisa
alipiga hatua nne, akageuka kunitazama,
akazama.
Mtoto aliliangalia kasha, akaniangalia.
"Bibi, kwani bingwa si wewe?"
"Wa kucheka," nikamjibu. "Nipishe nipike."

Sasa ni saa nne usiku. Kesho ana shule,
na mimi sijamwambia alale.
Ameshavuka ziwa. Yuko mlangoni.
Chini ya mlango kuna ukijani unaochezacheza,
na humo ndani, kwa sauti ndogo mno,
mtu anazuia kikohozi.