Safu ya Mwisho

Serikali ya jimbo inanilipa kwa saa
niwaulize watu gatini maswali matatu:
umeanza saa ngapi, umepata wangapi, wa aina gani.
La nne, unakwenda kuwapikaje,
halimo kwenye fomu. Ni langu.

Juni, Minesota, ziwa la nyuma ya kiwanda cha matofali,
maji rangi ya chai iliyosahauliwa mezani.
Bibi Yer Moua kakalia ndoo iliyopinduliwa,
ndoo ya pili i kati ya miguu, imefunikwa taulo bichi.
Chelezo chake ni kizibo cha chupa
alichokipaka rangi ya kucha.
Kinapozama hashtuki. Anahesabu kimoyomoyo,
kisha kifundo cha mkono tu,
na samaki huyo juu, kiganja kizima cha ghadhabu.

"Mlaze miiba kwanza," anamwambia mjukuu,
na mjukuu ananitafsiria, kwa miaka yake tisa,
"toka kichwani kwenda mkiani, kama unampapasa paka.
Ukianzia mkiani utajua mwenyewe."
Tou Ger anajua mwenyewe. Ananionyesha vidole.

Mimi nilifunzwa wiki mbili na Bwana Dregni,
aliyekuwa akigonga meza kwa rula:
sikio jeusi tii, doa la wino mwishoni mwa pezi la mgongo,
huyo shavu-buluu.
Sikio lenye tone jekundu ukingoni,
na shavuni michirizi, kama mtu aliyekuwa akijaribu kalamu,
mbegu-boga.
Jicho la damu, miiba sita chini ya tumbo: wa mwambani.
Mdomo wa karatasi, unaochanika ukimvuta kwa pupa:
huyo mhesabie miiba ya mgongo,
saba au nane ni mweusi, sita kushuka chini ni mweupe,
na rangi isikudanganye,
nimeona weusi waliopauka kama sahani
na weupe waliokunywa matope.

Bibi hana habari na miiba. Ndoo yake ina ngeli mbili:
wa kukaanga, na wa mchaichai.
Anawapima kwa kidole gumba, kwenye nyama ya mgongo,
ananibonyezea nione,
kama mtu achaguaye parachichi.

Naandika. Shavu-buluu, kumi na mmoja.
Mbegu-boga, watatu.
Sangara mdogo wa milia, mmoja, mwembamba,
ambaye Bibi anamtazama kwa huruma.

Halafu chini kabisa, huyu.
Sikio jeusi, lakini ukingoni pana tone,
si jekundu, ni kutu. Michirizi ya shavu ilianza
ikakata tamaa njiani. Doa la pezi lipo, halipo,
inategemea wingu.
Namgeuza. Namgeuza tena.
Karatasi ya Bwana Dregni inalowa mkononi.
Jawabu nalijua: baba huyu, mama yule,
viota vimebanana kwenye changarawe,
na maji hayawekwi ua.
Ila fomu haina kisanduku cha wawili kwa pamoja.

"Anauliza kuna tatizo gani," asema Tou Ger.
Namwambia sijui nimwandike nani.
Anatafsiri. Kimya. Kisha Bibi anacheka
hadi ndoo aliyoikalia inalia chini yake,
anasema neno refu, na mtoto anaona haya.
"Amesemaje?"
Anakwangua ubao wa gati kwa kiatu.
"Amesema, kama mimi. Shuleni.
Kila mwaka karatasi ni ileile,
na kila mwaka wanaandika kitu kingine."

Safu ya mwisho: Wengineo. Mmoja.
Inchi saba na nusu.
Nikamrudisha chini ya taulo, miiba nimeilaza.
Swali la nne sikuliuliza.
Kwenye mfuko wa Bibi, kando ya kopo la minyoo,
mabua ya mchaichai yalikuwa yamechomoza.