Kabla ya Kuchomeka

Neno letu lina ncha mbili:
kuchomeka ni kutia plagi tunduni,
na kuchomeka ni kuungua.
Aliyelitunga alikuwa fundi,
au alikuwa na cherehani kama yangu ya kwanza.

Nimeegesha lori Lang'ata, nyuma ya ua wa kayaba.
Lilikuwa la mkate; mlango wa nyuma bado una suke la ngano
lililochorwa na mtu aliyekuwa na haraka.
Sasa lina kitanda, friji inayonifika magotini,
meza ya kukatia,
na Eastleigh nzima imekunjwa chini ya godoro:
bluu ya marinda, kijivu cha kaptula, mita mia mbili.
Januari haimngojei mtu.

Wekulo, msimamizi wa kambi, anaipiga nguzo kofi
kama ng'ombe anayeuzwa.
"Stima ya hapa ni safi, mama. Wewe chomeka tu."
Simbishii. Natoa kipimio mfukoni mwa aproni.

Nguzo ya kwanza inawasha taa nyekundu:
waya wa moto umekaa kwenye kiti cha baridi.
Aliyeunga aliunga usiku, au aliunga na njaa.
Nguzo ya pili haina waya wa ardhi;
imesimama ardhini na ardhi haiijui.
Ya tatu ina nyigu, lakini waya zake zimekaa sawa.
Nachagua nyigu.

Saa moja jioni. Volti mia moja themanini na saba.
Nairobi inaoga.
Naiona ndani ya namba hiyo: South B wanapasha maji,
Kawangware wanapiga pasi ya kesho,
mtu wa Rongai ameinjika githeri kwenye koili,
na mimi nimeachiwa ukoko.
Mota ikipunjwa volti hunywa ampea kwa hasira,
hupata joto kimya kimya,
kama mtu asiyesema kinachomuuma.
Watu huogopa stima ikizidi.
Pungufu pia huua, ila haina kelele.

Kwa hiyo nimeajiri askari.
Kisanduku cha manjano, kizito kama tofali,
kimekaa kati ya nguzo na lori
kama wale wa kila geti la mji huu:
kitambulisho, jina, unakwenda kwa nani, saa ngapi, tia sahihi.
Hata uje na suti. Hata uje na keki.
Stima ikifika inangojeshwa nje dakika tatu.
Nahesabu nayo, pini mdomoni.

Saa nne na robo ikapotea. Kambi ikaguna.
Kwenye karavani ya jirani watoto wa Cheruto wakaililia katuni.
Saa tano kasoro ikarudi
kama mlevi aliyesahau nyumba ni ya nani:
mia mbili tisini na moja.
Nikasikia tak. Huyo ni wangu.
Halafu, kwa jirani, pu.

Ile harufu. Samaki asiyekuwepo, anakaangwa kwa plastiki.
Naijua.
Ndiyo iliyotoka kwenye cherehani, Machakos,
usiku wa kuamkia ufunguzi wa shule;
suruali moja ikabaki na mguu mmoja.

Nimewapelekea watoto tochi.
Baba yao ameketi mbele ya televisheni nyeusi,
anaibonyeza, anaibonyeza tena,
kama anayemwamsha mgonjwa kwa staha.
Sikumwambia neno.
Kesho nitamwonyesha kipimio, na nyigu.

Nimerudi gizani kwangu. Kisanduku kinahesabu,
kinakataa, kinaanza upya.
Wekulo anapita akiburuta malapa:
"Mama, mbona kwako giza? Stima si imerudi!"
"Imerudi," nikamwambia.
"Iko getini. Inaandikisha jina."